Halua na Wimbo wa Kumi

Jumamosi ile duka la Wakorea lilijaa mpaka walinzi wakawa wanaingiza watu kwa mafungu. Liko ndani ya jengo la maduka huko Gaithersburg, baina ya muuza viatu na wauza chai ya barafu, na siku nyingine mtu huingia akanunua mafuta ya uso, akatoka. Lakini siku hiyo ilikuwa imeshushwa albamu ya pili ya Dalmuri, na foleni ilipinda mpaka kwenye ngazi za umeme.

Dalmuri ni vijana sita wa Korea, na jina lao maana yake ni lile duara la nuru linalouzunguka mwezi. Albamu yao ya kwanza ilikufa ikiwa mbichi. Hakuna redio iliyoipiga, na kampuni iliyowasimamia ilikaribia kuwarudisha kwa mama zao. Ya pili wakaitunga wenyewe, na wimbo wake wa tatu ukatangulizwa kabla ya albamu kutoka. Wimbo huo Mungu aliupa miguu. Ulikwenda mpaka kwenye harusi za Wahabeshi wa Silver Spring, mpaka wauguzi wakawa wanaupiga kwa mluzi kwenye korido za hospitali.

Tasnim aliomba ruhusa maabara, anakopima damu za watu, ili awahi. Alivaa abaya nyeusi iliyotariziwa uzi wa fedha mikononi na mtandio wa zambarau, na alinukia udi kiasi cha kumfanya msichana wa mbele yake ageuke mara mbili. Alipofika kwenye rafu, albamu ilibaki moja. Aliiwekea mkono. Mkono mwingine ukatua upande wa pili, mpana, wenye weusi wa grisi kwenye kucha.

Mwenye mkono alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kizibao cha kazi cha rangi ya chungwa, buti zenye vumbi la saruji, ndevu zimechongwa kwa wembe. Tasnim alimwambia kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Yule mtu akatikisa kichwa kukataa, wala hakuachia.

"Mwanamume mzima na ndevu zake," Tasnim akajisemea kwa Kiswahili, akijua hakuna wa kuelewa.

"Ndevu zangu zimepanga foleni tangu asubuhi, dada," yule mtu akajibu, kwa Kiswahili cha Mombasa kilichonyooka. "Zako wewe ziko wapi?"

Tasnim alihisi uso unamwaka moto, lakini hakuachia. Alimwambia kama katumwa na binti wa mtu, basi amrudishie binti huyo salamu na mikono mitupu.

"Sikutumwa na mtu. Mimi ni wa albamu ya kwanza." Alimtazama kuanzia mtandio mpaka raba zake nyeupe. "Wewe ni wa wimbo wa tatu. Nawajua kwa macho. Mwaka jana mlikuwa hamjui kama wamezaliwa."

Mama mwenye duka, Mkorea mfupi mwenye miwani shingoni, alikuja akaamua kwamba mkono wa kwanza ulikuwa wa mwanamume, maana yeye alikuwa amesimama pale pale akaona. Tasnim hakusahau hilo. Mwanamume alilipa, akaifungua albamu papo hapo kwenye benchi nje ya duka, na Tasnim, ambaye angeweza kwenda zake, akasimama kando amekunja mikono, akitazama kama anayesubiri kuona mwizi anagawa nini.

Jina lake Jawad, mzaliwa wa Mji wa Kale, fundi wa lifti. Alisema akimaliza kuisikiliza atamwazima. Tasnim alisema hataki kuazimwa na mtu. Namba ya simu, hata hivyo, aliichukua.

*

Mapenzi yao yalikuwa ya ugomvi tangu hapo, na hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kuyabadilisha. Jawad alipiga simu kutoka ndani ya mashimo ya lifti, mawasiliano yakakatika, Tasnim akasema umenikatia makusudi, na siku nzima ikaisha hivyo. Jawad alimwita Bibi Wimbo wa Tatu. Tasnim alimwita fundi, na siku akikasirika sana alimwita "wewe bwana."

Waligombana juu ya kila wimbo katika albamu ile. Jawad alieleza alivyowajua vijana hao: alitengeneza lifti ya jengo moja huko Annandale, na mlinzi wa pale, mzee wa Kikorea, alikuwa akiipiga albamu ya kwanza kutwa kucha, hata fundi akaondoka nayo kichwani. Kwa hiyo ile ya pili aliisikiliza kama mtu anayemwona mtoto wa jirani aliyefeli shule amerudi na digrii. Tasnim alisema yeye hana habari na kufeli kwao, yeye anapenda ngoma inayofanya shingo icheze yenyewe. Walionana penye watu, kituo cha treni cha Shaw au kwenye bazari ya msikiti, na Jawad hakuwahi kumgusa hata mkono. Lakini alikuja na maembe ya chupa, yale ya kuchovya pilipili, kwa sababu aliwahi kumsikia akisema anayatamani. Aliyaweka mezani bila neno, akaanza ugomvi wa wimbo wa saba.

Mambo mawili tu yalikuwa na uchungu wa kweli.

La kwanza ni posa. Tasnim alimuuliza atakuja lini kwa ami yake. Jawad alisema mama yake Mombasa hajalainika, na mjomba wake wa kumsemea yuko Ohio, na yeye haji kwa watu peke yake kama mtu asiye na kwao. Mwezi mtukufu ukaingia, ukatoka.

La pili ni wimbo wa kumi, wa mwisho katika albamu. Ni wa taratibu, hauna ngoma, unaimbwa na yule mdogo wao peke yake, na Tasnim alikuwa akiuruka kila mara. Siku moja Jawad alimkasirikia kikweli.

"Wawasifu kwa wimbo wa kuchezea," alisema, "na ule waliotia roho zao wauruka. Ndivyo ulivyo wewe. Kitu kikiwa kimya, wakipita."

"Haya, nitausikiliza. Kesho, mwanzo mpaka mwisho. Na ukiwa si kitu, utaniomba radhi mbele ya watu."

"Na ukiwa kitu?"

"Nitatafuta kosa jingine."

*

Asubuhi ya pili gari la Tasnim lilikuwa gereji, na ami yake ndiye aliyempeleka kazini.

Ami Haitham alikuwa mdogo wa marehemu baba yake. Alimlea tangu akiwa na miaka tisa, akamsomesha, na ndiye walii wake wa kumwoza. Mtu mrefu, mwembamba, dereva wa basi la shule na mjumbe wa kamati ya msikiti. Hakuwa mkali wa kelele. Alikuwa mkali wa haya: mambo ya wanawake hakuyasema akimtazama mtu usoni, na akiendesha gari midomo yake haikutulia, maana alikuwa na nyiradi zake, dua za safari, tangu Adelphi mpaka anakokwenda.

Tasnim alikaa kando yake. Chini ya mtandio, masikioni, alivaa vile vidude vyeupe visivyo na waya. Walipoingia barabara ya 270 magari yakasongamana, naye akauweka wimbo wa kumi.

Ulianza kwa sauti ya chumba, sauti ya mahali pasipo na watu. Kisha kijana akaimba, bila ala, kama mtu anayesema peke yake. Tasnim alikwisha kusoma maana yake: ukumbi wa mtaani kwao, usiku wa albamu ya kwanza, viti vimepangwa na hakuna aliyekuja kuvikalia. Hakutukana mtu wala hakulaumu. Aliviimbia viti. Na Tasnim, aliyekuwa amekaa pale na shingo ngumu akisubiri kuchoka, alikuta anamkumbuka baba yake akipanga vikombe vya kahawa kwa wageni ambao hawakufika. Midomo ya ami ilikuwa ikienda, macho yake barabarani. Alikuwa katika nyiradi zake. Kijana akaimba mstari wa mwisho, ikafuata sauti ya viti vikiburuzwa sakafuni, kimoja kimoja, basi.

Tasnim alitikisa kichwa taratibu. Yule bwana alikuwa na haki, Mungu amlaani. Chozi lilimtoka, akalifuta kwa ncha ya mtandio.

Ami Haitham alimwona kwa pembe ya jicho. Midomo yake ikatulia. Mpaka wanafika hakusema tena kitu, na alipomshusha alimwombea dua ndefu kuliko kawaida.

Jawad hakuambiwa. Tasnim aliona raha kumweka kidogo aulize mwenyewe.

*

Simu yake iliingia Ijumaa baada ya Sala, Tasnim akiwa katika mapumziko.

"Mabruk," Jawad alisema.

"Ya nini?"

"Nimekula halua leo msikitini. Vipande viwili, Tasnim. Nimekula na nikasema Alhamdulillahi. Ndipo nikauliza ya nani."

"Wewe bwana una homa?"

"Ami yako aliigawa kwa mkono wake. Halua ya posa yako. Umeposwa na Ameir, yule wa kompyuta mwenye nyumba Gaithersburg, na umeridhia. Alisema mbele ya watu, 'Binti yetu karidhia.'"

Tasnim alicheka. Alicheka kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa halina kichwa wala miguu, lakini upande wa pili kicheko hicho kilifika vingine.

"Cheka," Jawad alisema, na sauti yake ilishuka. "Nilikuwa wimbo wa kupitishia wakati. Ulikuwa waniruka tangu mwanzo."

"Jawad, hakuna mtu aliyenichumbia."

"Basi ami yako ni mwongo, na halua nimeiota."

Hapo Tasnim naye alipandwa. "Kama kuna halua, ingekuwa yako. Mwezi mzima wa Ramadhani nilikuwa nakungoja. Wewe na mama yako na mjomba wako wa Ohio. Mwenzio kama kaja, kaja na miguu yake."

Jawad akakata. Tasnim alipopiga tena, simu haikuita.

*

Fleti yao Adelphi ilikuwa inanukia bizari. Mama yake, Bi Nunu, alikuwa jikoni akikaanga vitunguu, mwanamke mnene wa maneno machache ambaye tangu alipofiwa hakuvaa rangi ya kung'aa. Ami Haitham alikaa kwenye kochi na gazeti.

"Ami, nimeposwa?"

Alimtazama kama aliyeulizwa kama leo ni Ijumaa. "Umeposwa jana. Umekubali."

"Nimekubali wapi?"

"Garini. Nilikueleza kijana ni nani, dini yake, kazi yake. Nikakwambia kama hutaki sema, ukinyamaza nitajua umeridhia. Ukanyamaza." Alikunja gazeti. "Nikarudia. Ukatikisa kichwa, na chozi likakutoka, kama lilivyomtoka mama yako alipoposwa na kaka yangu. Mwanamwali akilia, watu wazima hawaulizi tena."

Jikoni kijiko kilisimama.

Tasnim alipitisha mikono chini ya mtandio, akavitoa vile vidude viwili, akaviweka juu ya meza, akasema alikuwa akiwasikiliza wale Wakorea wake. Ami aliviangalia muda. Alikuwa mtu wa akili, hakuhitaji kuelezwa mara mbili, na jinsi alivyoelewa ndivyo uso wake ulivyozidi kukaza.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nasema na Wakorea."

"Ami, nisamehe. Sikusikia hata neno moja."

"Jana tangu Alfajiri nilikuwa natafuta maneno ya kukwambia. Wewe umejaza masikio ngoma."

"Haikuwa ngoma."

"Halua imeshaliwa, Tasnim. Msikiti mzima umekula. Nirudi Ijumaa ijayo niwaambie watapike?" Alisimama. "Jumapili wanakuja kupanga siku. Kijana hana kasoro. Wewe unaye mwingine?"

Tasnim alisema yuko, fundi wa lifti, wa Mombasa.

"Na yuko wapi? Mimi mlango wangu haujabishwa na fundi wa lifti." Akaingia chumbani kwake, na mlango hakuupiga; aliufunga polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Bi Nunu alirudi kwenye vitunguu vyake. Hakumtetea binti yake wala hakumlaumu. Aliuliza jambo moja tu, kama ami alimtazama usoni alipomuuliza. Tasnim alisema hapana, alitazama barabara.

*

Kesho yake alipanda treni ya njia ya kijani mpaka Shaw. Aliwahi kusikia jengo analofanyia kazi Jawad, la matofali mekundu, karibu na chuo kikuu. Mlango wa lifti ulikuwa wazi, kizuizi cha njano kimewekwa mbele. Mwenzake Jawad, Kipkemboi, kijana wa Eldoret, aliuona ule mtandio wa zambarau, akainama shimoni.

"Buda, yule dada wa halua anakutafuta."

Sauti ya Jawad ilitoka chini, imezungukwa na chuma. Alisema yuko kazini, na mke wa mtu hana shughuli hapa. Kipkemboi akakumbuka kitu alichosahau garini.

Tasnim alisimama kwenye kizuizi. Chini aliona taa ya kofia yake tu na mabega. Alimweleza yote, gari, nyiradi, chozi, kwa sauti kavu ya mtu anayetoa ushahidi. Alipomaliza, kule chini spana ilikuwa bado inazunguka.

"Ati ulikuwa wasikiliza wimbo wa kumi," Jawad alisema. "Wewe."

"Nilikuahidi."

"Mwisho wake waisha vipi?"

"Unanipa mtihani?"

"Hakuna anayeujua mwisho wake ila aliyefika. Waisha vipi?"

"Viti," Tasnim alisema. "Vinaburuzwa."

Spana ikanyamaza.

"Vinaondolewa," Jawad alisema baadaye. "Watu hawakuja, viti vinaondolewa. Ndiyo maana wimbo wauma."

"Vinaletwa."

"Nini?"

"Hukusikia vizuri. Vinakuja karibu, haviendi mbali. Hii ni albamu ya pili, fundi. Watu wamekuja, viti havitoshi, wanaongeza. Umeusikiliza mwaka mzima na hujui."

Taa ya kofia iliinuka, ikammulika usoni, naye akaikingia mkono. Jawad hakusema kama amekubali. Alisema kwamba amemwamini kuhusu gari, na kwamba haisaidii. "Haijuzu kuposa juu ya posa ya ndugu yako. Nikija Jumapili nitakuwa mwizi, na nikimpigia ami yako simu nitakuwa mwizi mwoga. Mpaka ile ianguke, mimi sina mdomo."

"Kwa hiyo niiangushe mimi."

"Wewe ndiye uliyeisimamisha, kwa kichwa chako."

"Na wewe ndiye uliyechelewa, kwa miguu yako."

"Najua," alisema. "Nimempigia mjomba jana. Nilimpigia kabla hujaja, na hasira zangu zote. Nilimwambia akae tayari, nisijue kwa nini."

Tasnim alirudi na treni bila kuaga.

*

Jumapili baada ya Adhuhuri wakaja: Ameir, kijana mpole mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, mama yake Bi Ummu, na mzee mmoja wa kamati. Bi Ummu alikuja na sinia limefunikwa kitambaa cha hariri, vikuku vimejaa mkono mmoja, na macho yake yaliyapima mapazia kabla hajakaa.

Tasnim alileta kahawa. Badala ya kurudi ndani, akaliweka sinia la kahawa chini akabaki amesimama. Alisema anawaheshimu wote, na Ameir hana kosa, lakini yeye hakuwahi kukubali, kwa sababu hakuwahi kusikia. Akaeleza. Hakuna aliyemkatiza, na alipomaliza ilionekana kwamba ingekuwa afadhali wangemkatiza.

"Zamani wasichana walisingizia mashetani," Bi Ummu alisema. "Siku hizi vidude." Alimgeukia Ami Haitham. "Bwana, mtu hutikisa kichwa kwa muziki mbele ya mtu mzima anayesema naye? Huyu kabadili mawazo. Sema hivyo, tusitiane ujinga."

Ami alikuwa ameinamia zulia. Mbele ya wageni hakutaka kusema binti ni mwongo, wala hakutaka kusema yeye alikosea. Alisema tu kwamba aliuliza, na alijibiwa.

Ndipo Bi Nunu akatoka jikoni akifuta mikono.

"Shemeji," alisema, "ulimuuliza mwanangu nami sikuwapo. Naomba nione nilichokosa. Vivae."

"Nivae nini?"

"Hivyo vidude. Dakika moja. Kisha siku tutapanga hata leo."

Ami alikataa. Mzee wa kamati akasema hakuna ubaya, avae. Ami Haitham akavipokea kwa ncha za vidole kama anayeshika mende, akavitia masikioni chini ya kofia yake, akakaza macho kwenye zulia ili wote waone hachezewi. Tasnim aliuweka wimbo wa tatu.

Bi Nunu alingoja. Akasema kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi: "Haitham, Bi Ummu anauliza kama kesho utampa basi la shule aliendeshe yeye, na wewe upande na watoto."

Ami alinyamaza.

"Kama hutaki sema. Ukinyamaza tutajua."

Ngoma ya wimbo wa tatu huchelewa kidogo kuingia. Ilipoingia, kidole cha Ami Haitham kiligonga goti. Kisha kofia ikashuka, ikapanda, ikashuka.

Mzee wa kamati alifunika mdomo kwa shali. Ameir ndiye aliyecheka wazi, kicheko cha mtu aliyeshushwa mzigo mabegani, akasimama, akakung'uta kanzu yake.

"Mama, twende," alisema. "Mimi nilikubaliwa na Wakorea."

Bi Ummu hakucheka. Alilichukua sinia lake na kitambaa chake, na mlangoni alimwambia Bi Nunu kwamba Mungu kamwepusha na nyumba ambayo mtu haulizwi mpaka akaguliwe masikio. Mpaka leo akimwona Tasnim upande wa wanawake msikitini, humpa bega.

Ami Haitham aliinua kichwa, akaona kochi tupu, akavitoa vile vidude.

"Nimesema nini?" aliuliza.

*

Hakusema na Tasnim kwa wiki nzima. Ijumaa alisimama mbele ya watu akaeleza kwamba halua ile ilitangulia jambo lake, na kwamba kosa ni lake yeye, aliuliza barabara badala ya kumuuliza mtu. Waliocheka walicheka. Wengine wakaanza kumwita Jawad Bwana Vipande Viwili, na jina hilo limemganda.

Jawad alikuja siku ambayo mjomba wake aliwasili kutoka Ohio, na shati jeupe jipya ambalo mkunjo wa dukani bado ulikuwa kifuani. Alikuwa amempigia mama yake, wakagombana kwa saa nzima, na mwisho mama alisema basi aolewe aliyekufanya upige simu. Ami Haitham aliwapokea bila tabasamu, akawauliza maswali makavu, akamwambia Jawad kwamba ndevu zile ni za mtu mbishi. Jawad akasema ndiyo. Kisha ami akasimama, akaingia chumbani walikokuwa wanawake, na mlango akauacha wazi nusu.

Safari hii hakutazama ukuta wala dirisha. Alimtazama Tasnim usoni, kwa tabu, kama mtu anayetazama taa ya gari linalomjia. Akanyoosha kiganja.

Tasnim akaviweka vile vidude viwili pale. Kisha, bila kuambiwa, akafunua pembe ya mtandio upande mmoja, akafunua upande wa pili.

"Kuna mtu," ami alisema. "Jawad. Fundi wa lifti, mbishi, amechelewa. Anasali. Unamtaka awe mume wako? Kama hutaki sema, na hakuna atakayekulaumu, wala mimi."

Tasnim alinyamaza.

"Nimeuliza, mwanangu."

Alinyamaza. Hakutikisa kichwa, maana alikwisha kujua kichwa kinaweza kufanya nini. Alimtazama ami yake moja kwa moja, masikio wazi, na hakusema neno, na Bi Nunu kitandani akaanza kujifuta macho kwa kanga.

Sebuleni Jawad alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, magoti yamebanana. Ami alipokwisha kuuliza, kutoka kule ndani hakusikia tena sauti ya mtu yeyote, na ukimya ule ulimrefukia mpaka mjomba wake akamgusa mkono. Kisha ikaja sauti ya kiti kikiburuzwa sakafuni.

Alisikiliza kwa makini, kichwa upande. Sauti ilikuwa inakuja karibu.

Ami Haitham alitokea mlangoni akikivuta kiti cha jikoni, akakiweka kando ya kiti chake mwenyewe, akakipiga kwa kiganja.

"Njoo ukae huku," alisema. "Huko kwenye kochi ndiko wanakokaa wageni."